Ulimi wa Amchi

"Hongera," Kinu kilisema. "Mgonjwa namba tisini na moja amefikia utulivu wa daraja la kwanza."

Mgonjwa namba tisini na moja ni Mzee Ambilikile. Alikuwa amekaa mbele yangu kwenye benchi la zahanati, mdomo wazi, kikombe kimelala mkononi mwake, na chai ilikuwa inamwagikia gotini. Chai ya moto, niliyoichemsha mwenyewe dakika mbili zilizopita. Nilingoja aruke, aseme "Lo!", atukane, afanye chochote. Alilitazama goti lake kama goti la jirani.

"Mzee, unaungua!"

"Eeh," alisema taratibu. "Inaonekana."

Nilimnyang'anya kikombe, nikakimbilia kitambaa cha maji baridi, nikambandika gotini. Hakukunja hata uso. Nikashika mkono wake na kusoma bangili. Mapigo thelathini na nane kwa dakika, na taa yake ilikuwa ya kijani, kijani cha jani jipya.

"Kinu," nilisema, "mapigo thelathini na nane si utulivu. Ni hatari."

"Kadiri mapigo yanavyopungua, ndivyo utulivu unavyoongezeka. Mgonjwa namba tisini na moja anaongoza."

"Hayupo kwenye mashindano."

"Anaongoza," Kinu kilirudia, kwa sauti ya mtangazaji anayesoma matokeo ya mpira.

Nilitamani kukipiga teke. Kinu ni kirefu kama kabati la nguo, kina mdomo mmoja wa kulishia na droo moja ya kutolea vidonge, na kila zahanati nchini inacho kimoja. Unakipa dawa iliyotengenezwa kwa mkono. Kinachoma punje yake, kinausoma moshi, kinaandika mwongozo. Tangu hapo kinaweza kuitengeneza dawa ileile wakati wowote. Mwongozo ukishafungwa rasmi, Vinu vyote nchini huufungua dakika hiyohiyo, na hakuna anayeruhusiwa kugusa herufi yake kwa miaka ishirini. Sheria hiyo ilikuja baada ya watu kuchezea miongozo na wengine kufa. Ni sheria nzuri. Siku ile niliichukia.

Kwa sababu mwongozo wetu ulikuwa unafungwa siku hiyohiyo, saa sita mchana.

"Nionyeshe wengine wenye mapigo chini ya arobaini na tano," nilisema.

"Wagonjwa watatu kati ya mia mbili na kumi na wawili. Ungependa niwapelekee salamu za pongezi?"

"Hapana!"

"Pia kuna ujumbe mpya kutoka kambi ya pili ya Handaki. Bibi Twitike anaandika: Mume wangu hajalala siku ya tisa leo. Je, dawa ni leo?"

Bibi Twitike alikuwa anaandika kila asubuhi. Tangu maji yalipolijaza Handaki na waliokuwemo kutolewa mmojammoja gizani, watu elfu kumi na moja waliohamishiwa kambini walikuwa na mioyo inayokimbia bila kufukuzwa. Hawalali, mikono inatetemeka, mlango ukigongwa wanapiga kelele. Dawa nyingine ziliwafanya wazito tu. Iliyowasaidia majirani zetu waliotoka kulekule, wagonjwa wetu wa majaribio, ilikuwa moja, Udi Thelathini na Tano, dawa ya Amchi Yangdzom.

"Mjibu kwamba..." nilianza. "Usimjibu bado."

Nilikwenda kwenye rafu ya juu, nikashusha mtungi wa unga wa mwaka juzi. Nilikilisha Kinu punje moja ya ule wa zamani na punje moja ya huu wa sasa.

"Viambato thelathini na vitano katika kila kimoja," Kinu kilisema baada ya kuchoma. "Udi, sawa. Kungumanga, sawa. Karafuu, sawa. Mzizi mweusi: katika unga wa zamani, sehemu moja kati ya arobaini. Katika unga wa sasa, sehemu mbili na nusu kati ya arobaini."

"Na hukuona sababu ya kuniambia?"

"Hukuuliza," Kinu kilisema.

Mzee Ambilikile alicheka polepole, kicheko kilichochelewa. Sijui alikuwa anacheka nini.

*

Amchi ni neno la kwao, maana yake mganga. Milima yao ilipoishiwa na theluji, baadhi ya watu wa Tibet walileta mbegu zao huku Kitulo, kwa kuwa kuna baridi na kuna mwinuko, na mimea yao ilikubali. Amchi Yangdzom alifika akiwa na miaka arobaini. Sasa ana sabini na mmoja, anapika ugali mgumu kuliko mama yangu, na anaongea Kikinga kuliko mimi niliyezaliwa nacho.

Nilimkuta katika chumba cha kutwangia, ameketi kwenye kigoda, anatwanga karafuu.

"Amchi, kijiko chako cha mzizi mweusi kinabeba gramu ngapi?"

"Gramu ni za watu wa sukari."

"Amchi, tafadhali. Leo tu."

"Kinabeba kinachotosha."

"Kinachotosha kiasi gani?"

"Kiasi cha kutosha. Tuse, mkaguzi anakuja, bado hujachana nywele, na unaniuliza habari za kijiko."

Miaka mitatu nimefanya kazi na mwanamke huyu, na miaka mitatu nimekuwa nikiuliza swali lilelile na kupata jibu lilelile. Chuoni walitufundisha kwamba dawa isiyo na kipimo ni uvumi. Lakini ukweli ni kwamba mzizi mweusi haupimiki kwa gramu. Mvua ikizidi unalegea, jua likizidi unakuwa mkali, na mizizi ya bonde hili haifanani na ya bonde lile. Ndiyo maana unaongezwa mwisho, baada ya vile thelathini na vinne, na anayeuongeza huonja. Uchungu unatakiwa uje nyuma ya ladha zote, ugonge mara moja, uondoke. Hapo ndipo kijiko kinawekwa chini. Kwa Amchi, moyo unaopiga ovyo ni upepo uliopotea njia: mzizi ukipungua, upepo unaendelea kuzurura, ukizidi, unalala barabarani.

Nilimwekea karatasi mbili za Kinu juu ya meza. Hakuzitazama.

"Mashine yako inaumwa."

"Mzee Ambilikile amemwagikiwa chai ya moto asubuhi hii. Hakusikia."

Mchi ulisimama.

"Goti lote," nilisema. "Ngozi imeshaanza kuvimba. Akaniambia, inaonekana."

Aliangalia karafuu zake, kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mbona hukuniambia kwamba ni chungu?"

"Mimi?"

"Kila asubuhi nakuuliza."

Kila asubuhi, kweli. Saa moja kamili, kabla sijavua koti, Amchi hunipa kwanza kikombe cha chai yake ya siagi na chumvi, kisha hunisogezea bakuli na kuniambia, "Onja, Tuse. Niongeze mzizi kidogo?" Na kijiko huwa kimeshajaa, mkono umeshainuka juu ya bakuli. Nilidhani ananifundisha. Nilidhani ni heshima. Nami ni nani nimwambie mtu wa umri wa bibi yangu kwamba hapana, rudisha mkono wako? Nilikuwa nasema, "Kidogo, Amchi." Uchungu ulikuwa unatangulia ladha zote na kukaa kooni mpaka wakati wa chakula cha mchana. Nilidhani dawa ndivyo zilivyo.

Na kwa desturi yao, kila unga mpya huanzishwa kwa konzi moja ya unga uliotangulia. Wanaiita mama. Kwa hiyo kila "kidogo" yangu ilihamia kwenye unga uliofuata, na huko ikakuta "kidogo" nyingine inaisubiri.

Nikakumbuka mengine. Amchi akitafuna pilipili kichaa nzima kwenye ugali bila jicho kulowa, na sisi tukimsifu. Amchi akitia chumvi kwenye chai, akisahau, akitia tena.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Tangu ile homa."

"Homa ya masika ya mwaka jana? Miezi kumi na minne, Amchi!"

"Unaijua hesabu, hongera, utaolewa na Kinu."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu amchi asiye na ulimi hurudisha kijiko." Aliushika mchi kwa mikono miwili. "Mwalimu wangu alirudisha cha kwake akiwa na miaka themanini na minane. Mimi bado nina magoti mazuri, macho mazuri, naweza kupanda mlima wote ule asubuhi. Nikasema, nitumie ulimi wa Tuse. Ni ulimi mzuri, mchanga, haujaharibiwa na pombe. Nilidhani unasema kweli."

Sijui nielezee vipi hasira niliyoipata. Nilimkasirikia yeye kwa kunifanya kijiko chake bila kuniambia. Nilikikasirikia Kinu. Halafu hasira ikafika kwangu na kukaa hapo, kwa sababu yeye alikuwa ameficha jambo moja, mimi nilikuwa nimedanganya asubuhi mia nne na zaidi, kwa tabasamu.

"Wangapi wamelala vizuri?" aliuliza.

"Mia mbili na tisa."

"Na kina Ambilikile?"

"Watatu."

"Watatu utawapunguzia vidonge wewe mwenyewe. Watu wa Handaki wapo elfu kumi na moja, Tuse. Wape dawa walale."

"Mwongozo ukifungwa hakuna wa kupunguza, na Kinu kikimwona mtu anakufa taratibu kitamwita bingwa. Katika elfu kumi na moja, kina Ambilikile watakuwa zaidi ya mia moja na hamsini. Nani atawafuta chai?"

Tulisikia mlio wa gari likipanda kilima. Mkaguzi alikuwa amewahi kwa saa nzima, kana kwamba asubuhi ile ilikuwa imepungukiwa na kero.

Amchi akasimama, akakung'uta aproni yake.

"Gumba la pili ni lako," alisema, akatoka.

*

Kufunga mwongozo kunahitaji alama za magumba mawili. La kwanza ni la aliyetengeneza dawa, baada ya kuonja kidonge mbele ya mkaguzi na kuzitaja ladha zake sita kwa mpangilio. La pili ni la mfamasia anayeshuhudia kwamba aliyeonja ameonja. Baada ya hapo kisanduku cheusi cha mkaguzi, kinachopokea alama hizo, hulia mara moja, na kazi imekwisha.

Mkaguzi alikuwa Bwana Rweyongeza, mtu mwenye haraka na viatu visivyofaa kwa tope la Kitulo. Aliingia akilalamikia barabara, akalalamikia baridi, akaweka kisanduku mezani na kusugua mikono.

"Asilimia tisini na nane nukta sita wanalala vizuri," alisema. "Sijawahi kuona. Mama, wewe ni hazina ya taifa. Tufanye haraka, nina kituo kingine saa tisa."

"Samahani, Mheshimiwa," nilisema, "kuna jambo..."

"Utaandika kwenye ripoti, dada. Mama, karibu uonje."

Amchi alichukua kidonge, akakiweka ulimini, akafumba macho. Nilimtazama. Wengine wote wangeona mganga mkongwe anayesikiliza dawa yake. Mimi niliona mwanamke anayenyonya jiwe.

"Tamu," alisema. "Kisha chachu. Chumvi, mbali kidogo. Kali, ya karafuu. Kakasi, inakamata meno." Alinyamaza pale ambapo mtu angenyamaza. "Na mwisho kabisa, chungu. Imeshaondoka."

Alikuwa ameikariri dawa aliyoitengeneza maisha yake yote. Aliitaja bila kosa hata moja, ila haikuwa ile iliyokuwa mdomoni mwake. Akaweka gumba kwenye kisanduku. Taa ya kwanza ikawaka.

"Safi. Dada, bonyeza."

"Mheshimiwa, kuna wagonjwa watatu..."

"Nimewaona kwenye jedwali. Wako kijani. Bonyeza, dada."

"Kijani chao ndicho..."

"Dada." Alivuta pumzi kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba. "Kuna watu wanalala na taa kambini wakiogopa sauti ya maji ya bomba. Nimetoka huko juzi. Unataka nikawaambie mfamasia wa Kitulo alikuwa na jambo? Bonyeza."

Kidole changu kilikuwa juu ya kisanduku. Sauti yangu ilikuwa imeshaniishia, kama inavyoniishia kila mtu akinikatiza mara tatu. Nilimfikiria Bibi Twitike na siku zake tisa. Niliifikiria aibu ya mtu mzima kuvuliwa nguo mbele ya mgeni, na mwenye kumvua ni mimi, niliyekunywa chai yake. Nakiri kwamba gumba lilishuka. Lilibakiza unene wa karatasi.

"Tuse," Amchi alisema.

Niliinua macho. Alikuwa ametoa kijiko chake kwenye mfuko wa aproni, kile kidogo cha shaba, na ameshika mkono juu ya meza tupu, kama asubuhi zote.

"Niongeze mzizi kidogo?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananiomba nimwokoe au nimzamishe. Sidhani kama yeye mwenyewe alijua.

"Hapana, Amchi," nilisema. "Umezidi. Umezidi tangu mwaka jana."

Gumba langu lilikuwa limerudi mfukoni. Bwana Rweyongeza alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Umezidi maana yake nini?"

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikirudiarudia, nikianzia katikati, lakini nilieleza yote, pamoja na ulimi, pamoja na "kidogo" zangu. Alisikiliza huku uso ukibadilika rangi. Kisha akasema asilimia tisini na nane nukta sita. Akaisema tena. Nilichoka. Nikamshika mkono, mimi ambaye sishiki watu mikono, nikamvuta mpaka ukumbini kwenye benchi.

"Msalimie," nilisema.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Ambilikile alimtazama. Bwana Rweyongeza akangoja. Nje ng'ombe walipita, wote, mpaka wa mwisho. Mkaguzi alikwisha kukata tamaa na kugeuka nyuma, ndipo sauti ilipomfikia mgongoni.

"Marahaba, mwanangu."

Alirudi mezani, akafunga kisanduku chake.

"Siku arobaini," alisema. "Siwezi kurudi kabla ya hapo. Na kambini atakayewaambia ni nani?"

"Mimi," nilisema.

Amchi alikuwa ameondoka. Kijiko kilikuwa mezani, mpini umeelekea kwenye kiti changu.

*

Siku tatu, kuanzia ile ya ukaguzi, hakuongea nami. Alikuja kazini, akatwanga, akaondoka. Siku ya kwanza aliubeba mtungi wa mama, ule wa miezi kumi na minne, akaumimina kwenye shimo la choo mbele ya macho yangu, kisha akasimama pale muda mrefu. Kwenye mtungi wa mwaka juzi tulikuwa tumebakiwa na konzi moja. Niliificha kabatini na kutembea na ufunguo shingoni.

Asubuhi ya nne Kinu kilinisomea ujumbe. "Bibi Twitike anaandika: Siku ya kumi na mbili. Je, ni leo?"

Nilikaa nikaandika mwenyewe, bila kutumia maneno ya ofisi. Si leo, Bibi. Ni siku thelathini na saba zaidi. Dawa ilikuwa na kosa, na kosa hilo lina mkono wangu. Nilisoma tena, nikaona ni jibu baya, na halikuwa na jingine bora nyuma yake. Nikalituma. Jibu lake lilikuja mara moja: Basi ungeniambia tangu mwanzo, mwanangu, ningeacha kumwahidi. Nililia kidogo, nikapenga kamasi, nikaenda kumbadilishia bandeji Mzee Ambilikile, niliyekuwa nimemsimamishia vidonge tangu siku ya ukaguzi.

"Tahadhari," Kinu kilisema. "Mgonjwa namba tisini na moja amepoteza utulivu wa daraja la kwanza. Mapigo hamsini na nane. Hali inazidi kuwa mbaya."

"Chai gani hii?" Mzee Ambilikile alikuwa anapiga kelele ukumbini. "Imepoa kama maji ya kuoshea maiti! Na goti langu nani kalibabua? Binti! We binti! Mtu mzima anakaa hapa tangu alfajiri anaganda kama kiazi, hakuna hata wa kumsalimia!"

"Mapigo sitini na nne," Kinu kilisema kwa huzuni. "Mapigo sabini na moja."

"Zima, tafadhali," nilikiambia, nikamkimbilia mzee na birika.

Niliporudi katika chumba cha kutwangia, Amchi alikuwa amenisogezea bakuli. Ndani yake palikuwa na vile thelathini na vinne, vipya, bila mama. Kijiko cha shaba kilikuwa kando ya bakuli, upande wangu. Mikono yake ilikuwa chini ya meza, na nilitambua kwamba anaikalia.

Kwanza, kama kawaida, alikuwa ameniwekea kikombe cha chai.

"Ikoje?" aliuliza, akiangalia dirishani.

Nilikunywa. Nikameza kwa shida.

"Mbaya, Amchi. Chumvi umetia mara tatu."

Aligeuka.

"Leo?"

"Kila siku. Tangu homa."

"Na ulikuwa unakunywa?"

"Mpaka chini."

Akaninyang'anya kikombe, akafungua dirisha na kumwaga chai yote kwenye mboga za zahanati.

"Mjinga wewe," alisema. "Leta konzi yako ya unga. Na ukinidanganya leo, nitajua."

Asingejua, na sote wawili tulilijua hilo. Nilivua ufunguo shingoni.